Kisa cha Wahadzabe: wanatembea kutwa, wanaunguza nguvu sawa na karani

Mwaka 2012 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la PLoS ONE vipimo vilivyochukuliwa kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Walikuwa wamekwenda kupima jambo ambalo jibu lake lilionekana wazi kabla hata ya safari kuanza. Mwanamume wa Kihadzabe hutembea wastani wa kilomita 11 na zaidi kwa siku, upinde mkononi. Mwanamke hutembea karibu kilomita 6, anachimba mizizi kwenye udongo mgumu kwa mti uliochongwa ncha, kisha anarudi kambini na mzigo, pengine na mtoto mgongoni. Nani angetilia shaka kwamba watu hawa wanaunguza nguvu nyingi kuliko karani wa Marekani anayetoka kitandani kwenda kwenye gari, na kwenye gari kwenda kwenye kiti?

Vipimo vilikataa. Ukishahesabu tofauti ya ukubwa wa miili, Mhadzabe na karani wanatumia nguvu kiasi kilekile kwa siku.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Herman Pontzer wa Marekani, na miongoni mwa waandishi wenzake alikuwapo Audax Mabulla, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo kisa hiki ni cha kwetu na kimepimwa kwetu. Lakini ingia jim nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa usikilize watu wanafundishwa nini: jasho ndicho kipimo cha kazi, mizani ndiyo hakimu, tumbo huondolewa kwa kulikunja mara mia kila asubuhi. Naandika uchambuzi huu kwa sababu inaniuma kuona watu wakiacha mazoezi yaliyokuwa yakiwajenga, eti kwa kuwa namba ya mizani haikushuka. Mazoezi yalikuwa yakifanya kazi yake. Waliambiwa tu watazame mahali pasipohusika.

Walivyopima

Namna ya kupima inahitaji maelezo, maana bila hiyo mtu atasema walikadiria. Mshiriki hunywa maji maalumu ambayo baadhi ya hidrojeni na oksijeni yake ni nzito kuliko kawaida. Hayana sumu wala ladha. Hidrojeni ile nzito hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito hutoka kwa njia hizohizo, na pia hutoka ndani ya kaboni dayoksaidi tunayoipumua nje. Watafiti hukusanya mkojo kwa siku kadhaa, wakalinganisha kasi ya kupungua kwa hizo mbili, na tofauti yake huwaambia mwili umetoa kaboni dayoksaidi kiasi gani. Hapo ndipo unapojua umeunguza nguvu kiasi gani, kwa sababu nguvu na hewa hiyo hutoka katika moto mmoja. Hakuna njia iliyo sahihi zaidi ya kumpima mtu akiwa katika maisha yake ya kawaida. Saa ya mkononi inayokwambia umeunguza kalori 600 haifiki hata karibu.

Watu wazima 30 walipimwa. Wanaume walitumia wastani wa kilokalori 2,650 hivi kwa siku, wanawake 1,880 hivi. Kwa namba ghafi hizo ni pungufu kuliko za watu wa Marekani na Ulaya waliolinganishwa nao, ambao miili yao ni mikubwa na inadai zaidi. Baada ya kusawazisha ukubwa wa mwili, pengo likatoweka.

Nguvu ilikwenda wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na sitapaharakisha.

Mwili wa binadamu hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kwa mambo usiyoyaona: ubongo, ini, moyo, figo, kinga, ukarabati wa chembechembe, homoni. Kutembea na kubeba mizigo huchukua fungu dogo kuliko tunavyodhani. Maelezo aliyoyatoa Pontzer, na aliyoyakuza zaidi mwaka 2016, ni kwamba bajeti ya siku ina ukomo. Fikiria nyumba yenye mshahara mmoja usiopanda: ada ya shule ikiongezeka, mshahara haukui, kinachotokea ni kwamba kitu kingine kinapunguzwa. Mwili unaotembea sana hupunguza matumizi mahali pengine.

Hupunguza wapi? Maelezo yanasema hupunguza kwenye mambo ambayo kwa mtu anayekaa kutwa yamezidi kiasi. Kinga ya mwili inayobaki imewaka bila adui, ile hali ya uvimbe wa chinichini inayochosha mishipa ya damu, hupoa. Homoni za msongo hazipandi kupita kiasi kila linapotokea jambo dogo. Homoni za uzazi hushuka kutoka viwango vya juu vinavyoonekana katika nchi tajiri. Mwanasayansi mwingine anaweza kubishana na ukubwa wa jambo hili, na wapo wanaobisha. Uchambuzi mpana uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia vipimo vya watu wazima zaidi ya 1,700, ulikuta kwamba kwa wastani mwili hufidia kama asilimia 28 tu ya nguvu ya ziada inayotumika kwenye shughuli. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kalori ya mazoezi inarudishwa. Mwelekeo, hata hivyo, ni uleule: hesabu ya mashine ya kukimbilia inakudanganya kwa upande wa juu.

Ukiipokea hoja hii, maana ya mazoezi inageuka. Tulizoea kuyaona kama tanuri la kuchomea mafuta, na tanuri likishindwa tunalitupa. Kumbe faida yake kubwa ipo pengine kabisa, kwenye namna mwili unavyogawa nguvu zilezile. Mtu anayetembea saa moja kila siku kwa miezi mitatu na uzito wake ukabaki palepale anaweza kuwa amebadilika sana kwenye mishipa, kwenye sukari ya damu, kwenye usingizi. Mizani haina macho ya kuona hayo.

Tupige hesabu ndogo ya mjini. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka nusu saa, huunguza kama kilokalori 150. Soda moja ya mililita 350 ina karibu kiasi hichohicho, na huisha kabla hajafika kwenye kituo cha daladala. Ndiyo maana uzito huamuliwa zaidi na sahani na glasi, na mazoezi husaidia hasa kuuzuia usirudi ukishapungua. Ningependa kila mwalimu wa jim amwambie mteja wake jambo hili siku ya kwanza, kwa upole na bila kuzungukazunguka. Anayemwahidi mtu kwamba atatoa kilo 10 kwa kuruka kamba tu anamwandalia aibu.

Na jasho? Jasho ni maji ya kupoza mwili. Anayekimbia ufukweni Coco au pale Kidongo Chekundu saa sita mchana akiwa amevaa koti la nailoni, akapungua kilo moja, amepoteza takribani lita moja ya maji, nayo itarudi kwa chupa mbili atakazokunywa. Mafuta hayakuguswa na koti. Lililoongezeka ni hatari ya joto kumwangusha. Kukunja tumbo nako huimarisha misuli ya tumbo, jambo zuri, lakini mafuta yaliyo juu ya misuli hiyo hayaitiki kwa kuitwa mahali yalipo. Mwili huyachukua unapotaka wenyewe.

Moyo wa Mhadzabe

Kama Wahadzabe hawaunguzi zaidi, basi wana nini cha kutufundisha? Mengi. Mwaka 2017 mtafiti David Raichlen na wenzake walichapisha vipimo vingine. Walikuwa wamewafunga watu vifaa vya kupima mapigo ya moyo kifuani, wakaviacha vifanye kazi katika siku zao za kawaida. Walikuta wastani wa dakika 135 hivi kwa siku za shughuli ya kiasi cha kati na kuendelea, yaani ile inayopandisha mapigo na kuzidisha pumzi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wahadzabe karibu wanaimaliza wiki yetu kwa siku moja.

Upande wa afya, shinikizo la juu la damu lilikuwa adimu kwao hata kwa wenye umri mkubwa, na lehemu (kolesteroli) ilikuwa katika viwango ambavyo daktari wa moyo angevitamani kwa wagonjwa wake. Hapa kwetu tumezoea kusema presha ni ugonjwa wa uzee, kwamba ukifika miaka 60 nayo ina haki ya kuja. Kwa Wahadzabe uzee huja, lakini presha si lazima iandamane nao.

Wakati huohuo, hakuna mbio za marathoni huko. Wahadzabe hukimbia kwa nadra. Hakuna anayeinuka saa 11 alfajiri kujiadhibu ili saa 12 akae kwenye kiti hadi jioni. Sehemu kubwa ya dakika zile 135 ni kutembea kwa mwendo wa mtu anayejua aendako, kuchimba, kupanda mbuyu kufuata asali, kubeba. Shughuli yenyewe imetawanyika siku nzima. Msemo wa kwamba mazoezi yasiyouma hayafai umewaumiza magoti watu wengi wa miaka 50 waliokuwa na nia njema, na kisa hiki kinaukana waziwazi. Hata ile namba ya hatua 10,000 ambayo simu zetu zinaiimba haikutoka maabara. Ilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani kuanzia mwaka 1965. Si lengo baya, lakini mwenye hatua 7,000 asilale akijiona ameshindwa.

Wataalamu watatu wa Marekani, Carl Caspersen na wenzake, walitenganisha mwaka 1985 mambo matatu tunayoyachanganya kila siku. Kuna shughuli ya mwili, yaani mwendo wowote wa misuli unaotumia nguvu. Kuna mazoezi, yaani shughuli iliyopangwa na kurudiwa kwa lengo la kujijenga. Na kuna utimamu wa mwili, yaani uwezo anaokuwa nao mtu: kufanya kazi za siku kwa nguvu na uchangamfu bila kuchoka kupita kiasi, akabaki na akiba ya kufurahia mapumziko yake na ya kukabili dharura. Mhadzabe hana mazoezi hata kidogo. Shughuli anayo tele, na utimamu anao. Mjini unaweza kumkuta mtu mwenye mazoezi ya saa moja jioni, asiye na shughuli yoyote kwa saa 15 nyingine, na utimamu wake ukawa wa nusu: kifua kipana, ngazi za ghorofa tatu zinamtoa pumzi.

Bibi zao

Ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kisa hiki, ningewachagua mabibi.

Tangu miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliishi na kambi za Wahadzabe wakihesabu nani anafanya nini na kwa muda gani. Walikuta wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa wakitumia muda mwingi kutafuta chakula kuliko hata wasichana na mama wenye watoto wadogo. Ndio waliokuwa wakichimba mizizi iliyojificha chini kabisa, kazi inayodai mikono, mgongo, mapaja na subira. Mama alipokuwa na kichanga, kukua kwa mtoto aliyeachishwa ziwa kulihusiana na kazi ya bibi yake.

Huo ndio utimamu. Mwanamke mzee anachuchumaa, anasukuma jiwe, anachimba, anainuka na mzigo bila kushika kitu, na wajukuu wanakula. Linganisha na tunavyowatendea wazee wetu mjini. Mama akifikisha miaka 60 tunamwambia, "Mama, pumzika sasa, umefanya kazi ya kutosha." Tunamletea maji alipo, tunampokonya jembe na ndoo kwa mapenzi, na baada ya miaka michache hawezi kuinuka kwenye kochi bila kuvutwa. Misuli huanza kupungua taratibu tangu umri wa makamo, na baada ya miaka 60 hupungua kwa kasi zaidi isipopewa kazi. Mapenzi yetu yanaiharakisha.

Kwa sababu hiyo nasema kwa msisitizo: wanawake, nyanyueni vitu vizito. Hofu ya kwamba vyuma vitamgeuza mwanamke awe na mwili wa kiume imewanyima mama zetu na dada zetu dawa bora ya mifupa na misuli. Mwili wa mwanamke hauna testosteroni, ile homoni ya kiume, ya kutosha kufanya hivyo kwa mazoezi ya kawaida. Wale mnaowaona kwenye picha wamejitolea miaka mingi na chakula maalumu, wengine na dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka kila mtu mzima aitumikishe misuli yake mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kulinda mizani ya mwili ili wasianguke. Wachache sana kati ya wanaokimbia barabarani kila Jumamosi na klabu za jogging wanaitimiza sehemu hiyo. Mbio wanazo, na nyimbo wanazo, lakini mikono na mgongo vimesahaulika.

Wanapumzika kama sisi

Jambo jingine lilitoka mwaka 2020. Raichlen na wenzake waliweka vifaa vya kupima mwendo mapajani, wakakuta Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, kiasi kisichotofautiana sana na cha watu wa nchi za viwanda. Tofauti ipo kwenye namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini. Kuchuchumaa huifanya misuli ya miguu ibaki ikifanya kazi kidogo wakati wote, na kukaa kitini huizima.

Hivyo kupumzika si dhambi. Nakazia hili kwa ajili ya wale wanaofanya mazoezi siku saba kwa wiki kwa hofu, wakiamini siku moja ya kulala itawarudisha mwanzo. Misuli hujengeka wakati wa mapumziko.

Wasigeuzwe sanamu

Lazima niseme pia ambalo wapenda maisha ya porini hulificha. Watoto wengi wa Kihadzabe hufariki kabla ya kukua. Maradhi ya kuambukiza na ajali huchukua roho. Utimamu wa mwili haukingi malaria. Chanjo, maji safi na zahanati ni mambo wanayostahili kama raia mwingine yeyote. Pia tusitenge mwendo wao na chakula chao: mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi, ubuyu, matunda ya porini, nyama, na asali kwa wingi. Haiwezekani kukata kipande kimoja cha maisha yao na kusema hiki peke yake ndicho kinacholinda moyo.

Na maisha hayo yanahitaji ardhi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya kulinda eneo lao, baada ya miongo mingi ya kupoteza misitu kwa kilimo na malisho. Bila pori hakuna kilomita 11.

Tena, kazi ngumu na utimamu ni vitu viwili. Kuli anayepakia magunia ya kilo 100 Kariakoo kuanzia alfajiri anatumia mwili kuliko Mhadzabe, lakini mwendo ni mmoja, mzigo umepita kiasi, mapumziko hayaamui yeye. Mgongo wake huharibika. Wahadzabe hubadilisha: leo kutembea, kesho kupanda, keshokutwa kukaa kambini. Wakichoka, wanakaa. Anayemwambia kuli "wewe huhitaji mazoezi, kazi yako yatosha" hajautazama mgongo wake.

Kwa mwalimu wa mazoezi na mteja wake

Nikikabidhiwa fomu ya kumwandikisha mteja mpya, hivi ndivyo ningeijaza. Kwanza presha, na swali la kama anapata maumivu ya kifua au kizunguzungu anapojitahidi. Akisema ndiyo, aanze kwa daktari. Kisha mapigo ya moyo akiwa ametulia. Mara ngapi anaweza kuinuka kitini na kukaa tena kwa nusu dakika, mikono imekunjwa kifuani. Anaweza kuchuchumaa hadi chini na kuinuka bila kushika ukuta? Anaweza kusimama kwa mguu mmoja kwa muda gani? Anapanda ngazi za ghorofa ngapi kabla ya kuhitaji kusimama? Mzunguko wa kiuno kwa utepe wa fundi cherehani. Analala saa ngapi, na anakaa saa ngapi kwa siku bila kuinuka.

Kisha ningempa kazi ambayo haitamkimbiza: ashuke kituo kimoja kabla na kutembea kilichobaki, kila siku ya kazi, mara mbili kwa wiki abebe, asukume, avute vitu vizito, akiongeza uzito kidogokidogo, akiwa nyumbani akae kwenye mkeka badala ya kochi, akichuchumaa na kuinuka mara nyingi anavyoweza. Kama ana zaidi ya miaka 65, au magoti yake yanamsumbua, aanzie kwenye kiti na ukuta.

Baada ya miezi mitatu fomu ileile ijazwe upya, mstari kwa mstari, na mteja azione namba zake mbili zikiwa pamoja. Uzito nao uandikwe, mstari wa mwisho kabisa, baada ya mengine yote kusomwa.